Mhariri na Ukurasa wa Maoni

Ukipita stendi ya mabasi ya Dodoma asubuhi utawaona wauza magazeti wameyapanga chini, juu ya turubai, na watu wamesimama wameinama wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Wengi husoma ukurasa wa kwanza, kisha huomba wageuziwe ukurasa wa mwisho penye habari za mpira, kisha huenda zao. Wachache tu hufunua kurasa za katikati, wakautafuta ule usio na picha nyingi, wenye maneno yaliyobanana. Ukurasa huo ndio nitakaowaeleza leo, pamoja na mtu autengenezaye. Kazi yake ni ya siri kidogo, maana jina lake halionekani mara nyingi. Lakini maneno ya ukurasa ule yamewahi kuwapeleka watu gerezani, na yamewahi kumwondoa mtu katika kiti chake.

Yafaa kwanza tupambanue vitu viwili. Gazeti lina habari, na gazeti lina maoni. Habari ni kusema lililotokea: mvua imenyesha Kongwa, daraja limebebwa na maji, magari yamelala ng'ambo. Maoni ni kusema jambo hilo lifikiriwe namna gani: je, daraja lilijengwa vibaya, au lilijengwa vizuri lakini watu wakachimba mchanga chini yake? Nani aulizwe? Nini kifanyike kabla ya masika mengine? Mwandishi wa habari akiyaingiza maoni yake ndani ya habari, amekosa. Mwandishi wa maoni akiandika pasipo habari ndani yake, amekosa zaidi, kwa kuwa amejenga nyumba bila nguzo.

Katika ukurasa wa maoni mna mambo ya namna mbalimbali. Kuna tahariri, yaani neno la gazeti lenyewe; haina jina la mtu chini yake. Kuna makala za watu wenye ujuzi, au wenye ulimi mkali, nao hutia majina yao. Kuna barua za wasomaji. Tena kuna katuni, ambayo mara nyingine husema kwa mistari mitano ya kalamu jambo ambalo tahariri imeshindwa kulisema kwa mistari arobaini. Mhariri wa maoni ndiye mwenye kuchagua, kupunguza, kusahihisha na kukataa. Kukataa ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake, wala watu hawampendi kwa ajili hiyo.

Sasa nawauliza swali moja, nanyi mlishike mpaka mwisho wa somo. Ikiwa tahariri haina jina, ni nani anayesema ndani yake? Ni mhariri? Ni mwenye mali? Ni chama, au serikali, au wasomaji? Swali hili laonekana dogo, lakini sehemu kubwa ya historia ya magazeti ya nchi yetu imo ndani yake.

Baadhi ya magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalitoka katika misheni. Mwaka 1888 misheni ya UMCA ilianza kupiga chapa Msimulizi huko Unguja, gazeti la habari za vituo vyake. Wakati wa Wajerumani yalikuwapo Kiongozi, lililotoka Tanga, na Pwani na Bara, la wamisionari wa Kijerumani. Vita iliyoanza mwaka 1914 ikayakatiza. Hapa kwetu Ugogo jambo hili tulikumbuke. Majeshi ya pande zote mbili yalipita katika nchi hii, yakachukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana, ikaja njaa ya miaka ya 1918 hata 1920, ambayo wazee waliiita Mtunya. Watu wengi sana walikufa, wengine wakatawanyika wasirudi. Wakati huo magazeti yale ya zamani yalikuwa yamekwisha, na Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu, lilikuwa halijaanza. Lilianza mwaka 1923, njaa imekwisha kupita. Sisemi ya kuwa gazeti lingeleta mtama. Nasema tu ya kuwa hapakuwa na ukurasa ambao mtu wa Ugogo angeweza kuandika ndani yake: ng'ombe wetu wamekwenda wapi?

Mambo Leo lilipendwa sana, nalo lilisafiri kwa reli mpaka huku bara, kwa maana reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma tangu mwaka 1910. Walimu, makarani na wanafunzi walilisoma kwa kupokezana mpaka karatasi ikachakaa, wakapeleka barua na mashairi yao. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na mwenye kauli ya mwisho alikuwa ofisa wa serikali. Barua ya kusifu shule mpya ilipita kwa urahisi. Barua ya kulalamikia kodi ilikuwa na safari ngumu zaidi.

Ndipo akatokea Erica Fiah. Mtu huyu alitoka Uganda, akakaa Dar es Salaam, akawa na duka. Mwaka 1937 alianza gazeti lake, akaliita Kwetu, nalo lilikuwa gazeti la kwanza katika Tanganyika lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Hakuwa na ofisi kubwa wala mitambo mingi. Fikirini wenyewe: mtu auze bidhaa dukani, aandike tahariri, atafute karatasi, awaombe wanunuzi walipe madeni yao, kisha aanze tena toleo jingine. Katika Kwetu aliandika habari za mishahara, biashara na elimu ya Waafrika, wala hakuyalainisha maneno. Ukisoma tahariri yake hukuuliza ni nani asemaye. Alikuwa ni Fiah, na fedha ilikuwa ya Fiah, na lawama ilikuwa ya Fiah. Nafikiri uhuru wa namna hiyo ni mtamu, lakini ni wa mtu aliye tayari kufilisika.

Miaka ishirini baadaye mambo yalikuwa yamepamba moto. TANU ilikuwa na karatasi yake ndogo, Sauti ya TANU, iliyoanza mwaka 1957, na mwandishi wake mkubwa alikuwa Julius Nyerere, mwalimu mwenzetu aliyeacha kufundisha kwa ajili ya siasa. Mwaka 1958 alishtakiwa mahakamani kwa sababu ya maneno aliyoandika juu ya mabwana wilaya wawili. Mahakama ikamtoza shilingi 3,000, au afungwe miezi 6, akalipa. Mwaka ule ule wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walishtakiwa kwa uchochezi, nao wakafungwa. Hakuna aliyesema: "Tahariri haina jina, basi hatujui tumshike nani." Sheria humjua mhariri. Maneno yasiyo na jina, mwenyewe ni yeye.

Sasa tufike kwa mtu ambaye njia yake ya kazi ilipita hapa Dodoma, ndiye Benjamin William Mkapa. Alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, mwaka 1938. Alisoma katika shule za misheni, Ndanda na Pugu, kisha akaenda Makerere, akajifunza lugha ya Kiingereza na vitabu vyake. Alipomaliza mwaka 1962 aliletwa Dodoma kuwa ofisa tawala. Hakukaa sana, mwaka ule ule alihamishiwa kazi ya mambo ya nje. Mwaka 1966, naye bado ni kijana wa chini ya miaka thelathini, alifanywa mhariri mkuu wa magazeti ya TANU, yaani The Nationalist, lililoandikwa kwa Kiingereza, na Uhuru, lililoandikwa kwa Kiswahili. Katika magazeti hayo swali letu lilikuwa na jibu jepesi: asemaye ni chama. Lilipotoka Azimio la Arusha mwaka 1967, hapakuwa na shaka tahariri zingesimama upande gani.

Lakini mjini Dar es Salaam palikuwa na gazeti jingine kubwa, The Standard, lililoanzishwa mwaka 1930 likaitwa Tanganyika Standard, nalo lilikuwa mali ya kampuni ya kigeni. Tarehe 5 Februari 1970 serikali ilililitwaa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais, akawa yeye mwenyewe Mhariri Mkuu kwa cheo. Aliandika mwongozo kwamba gazeti litaunga mkono siasa ya ujamaa, lakini liwe na uhuru wa kukosoa, hata kuikosoa serikali. Kazi yenyewe ya kila siku akampa mwanamke aliyetoka Afrika Kusini, Frene Ginwala, aliyekuwa mkimbizi wa siasa ya ubaguzi.

Bibi Ginwala aliushika mwongozo ule kama ulivyoandikwa. Mwezi wa Julai 1971 huko Sudan palikuwa na jaribio la kuipindua serikali, likashindwa, na Rais Nimeiry akawaua viongozi wa chama cha kikomunisti. The Standard likaandika tahariri ya kumlaumu. Hapo jambo likawa zito. Kwa Bibi Ginwala yale yalikuwa maoni ya gazeti. Lakini huko Khartoum mtu angesoma namna gani? Gazeti ni la serikali ya Tanzania. Mhariri Mkuu wake ni Rais wa Tanzania. Basi aliyesema si Rais? Maoni yaligeuka yakawa kama barua ya nchi kwa nchi. Bibi Ginwala akaondolewa.

Nimewasomesha watoto habari hii mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika. Wengine husema: alipewa ruhusa ya kukosoa, akakosoa, kwa nini aondolewe? Wengine husema: anayekaa nyumba ya mwenzake asifungue dirisha la mbele bila kubisha chumbani. Mimi naona kosa lilikuwa katika kile cheo. Rais hawezi kuwa Mhariri Mkuu kwa jina tu. Jina lenyewe lasema. Bibi Ginwala hakupotea, ingawa. Nchi yake ilipopata uhuru akawa Spika wa kwanza wa Bunge jipya la Afrika Kusini, tangu mwaka 1994 hata 2004, na alifariki mwaka 2023.

Tarehe 26 Aprili 1972 magazeti mawili yale, The Standard na The Nationalist, yaliunganishwa, likazaliwa Daily News, na mhariri wake akawa Mkapa. Baadaye alikuwa mwandishi wa habari wa Rais; mwaka 1976 akaanzisha Shirika la Habari Tanzania, lililoitwa Shihata; kisha akawa balozi, waziri, na hatimaye Rais wa nchi tangu mwaka 1995 hata 2005. Alifariki tarehe 24 Julai 2020. Miaka ya urais wake magazeti ya watu binafsi yalikuwa yamekwisha kuwa mengi, nayo yalimkosoa. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa makala kali katika gazeti la Rai, aliambiwa na serikali kwamba si raia. Wako waliosema ni sheria ya uraia tu. Wako waliosema ni kalamu yake. Baadaye alipewa uraia. Mtu aweza kuwa mhariri miaka mingi, na hata hivyo akiketi upande wa pili wa meza gazeti likamchoma kama linavyowachoma wengine.

Basi kazi hii hufanywaje siku kwa siku? Asubuhi wahariri hukutana. Kila mmoja hutaja jambo lililo zito siku hiyo: bei ya mahindi, ajali ya basi, mtihani ulioibwa, hotuba ya waziri. Mhariri wa maoni husikiliza, kisha huuliza swali linalowaudhi wenziwe: "Sisi tunasema nini juu yake?" Maana ni rahisi kusema jambo ni baya. Kila mtu ajua ajali ni mbaya. Tahariri lazima iseme neno ambalo msomaji hakuwa nalo kabla ya kusoma: sheria fulani ipo na haifuatwi, au fedha fulani ilitengwa na haikufika. Wakikubaliana, mmoja huandika. Mara nyingi tahariri haizidi maneno mia tano. Fupi kuliko insha zenu nyingine, na huchukua muda mrefu kuliko zote. Kila jina huhakikishwa, kila tarakimu huhesabiwa tena. Pakiwa na neno la hatari, mwanasheria husomewa. Kwa sheria ya sasa, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, gazeti huendeshwa kwa leseni, na mhariri anayesahau hilo hukumbushwa upesi.

Kisha kuna barua. Nitawaambia habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujisifu.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha Ugogo, pampu ya kisima iliharibika wakati wa kiangazi. Wasichana wa shule walikuwa wakiondoka alfajiri kwenda kuchimba maji mchangani katika korongo, wakafika darasani saa nne, wengine wakasinzia. Nikakasirika. Usiku mmoja nikaandika barua kwa gazeti, kurasa mbili nzima, nikasema kisima kimekufa miezi minane kwa sababu kamati ya maji imekula fedha ya wananchi. Nikatia sahihi, nikaipeleka posta.

Baada ya wiki mbili likaja jibu fupi la mhariri. "Ndugu Mwalimu," aliandika, "barua yako nimeisoma na habari ya wasichana imenigusa. Tafadhali nijulishe: ni nani aliyeiona fedha ikiliwa? Miezi ni minane kwa kalenda? Mwenyekiti wa kamati umemwuliza, naye amesema nini?"

Nilisoma maswali yale nikaona haya, kwa maana sikuwa na jibu hata moja. Nikaenda kwa mwenyekiti jioni. Nilimkuta ameketi mlangoni.

"Mbukwa, Mzee."

"Mbukwa, Mwalimu. Karibu kiti."

Nilipomwuliza hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na kopo la chuma, akanihesabia fedha yote mbele ya mkewe, na stakabadhi zake zimefungwa kwa uzi. Fedha ilikuwapo. Kilichokosekana ni kipuri kimoja, ambacho ofisi moja mjini ilikuwa imeahidi kukileta, na miezi haikuwa minane bali mitano na nusu. "Nimekwenda mara tatu, mwanangu," alisema. "Kila mara naambiwa nirudi wiki ijayo. Nauli nalipa mimi."

Niliandika barua ya pili. Niliandika idadi ya wasichana kwa kuhesabu daftari la mahudhurio, siku walizochelewa, mara tatu alizokwenda mwenyekiti na tarehe zake. Mhariri aliipunguza hata ikabaki mistari kumi na mmoja. Maneno yangu mazuri juu ya maji kuwa uhai aliyakata yote. Ikatoka. Kipuri kilifika baada ya siku chache, lakini wakati huo mvua zilikuwa zimekwisha anza, na watu wakanywa maji ya madimbwi kwanza kabla ya kuikumbuka pampu. Mwenyekiti alikuja shuleni na gazeti lile, macho yake hayaoni vema, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaomba mara ya pili. Kisha akauliza: "Hapa panaposema kamati imesubiri kwa uvumilivu, neno hilo ni lako au la huyo bwana wa gazeti?" Nikamwambia ni la bwana wa gazeti. Mimi sikuliandika.

Nimefikiri mara nyingi: barua ile ya kwanza ingepigwa chapa, mzee yule angeitwa mwizi katika nchi nzima, na mimi ndiye ningekuwa nimemwiba jina lake. Mhariri ambaye sikumwona uso aliyazuia hayo kwa maswali matatu.

Mtu awaye yote akitaka kazi hii, njia yake si moja. Wengi huanza kuwa waandishi wa habari, wakizunguka mahakamani na sokoni. Kisha huwa wahariri wasaidizi, wakisahihisha maandishi ya wenzao usiku. Ndipo hupewa ukurasa. Wengine hutoka katika ualimu, au sheria, au utumishi wa serikali kama Mkapa. Huko Nyegezi, karibu na Mwanza, misheni ya Kikatoliki iliendesha chuo kilichofundisha uandishi wa habari, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Na Dar es Salaam chuo cha uandishi wa habari kilianzishwa mwaka 1975, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini vyuo havimpi mtu tabia ya kuuliza "nani aliyeiona fedha?" Hiyo mhariri yule, nafikiri, aliipata kwa kukosea kwanza, kama mimi.

Jioni ukurasa hufungwa, yaani haubadilishwi tena. Usiku mitambo hupiga chapa, na kabla ya mapambazuko magari huondoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro na Gairo, na magazeti yakashushwa hapa stendi. Mchana watu wamekwisha yasoma. Kesho yake mama auzaye karanga penye kituo cha daladala huyachana vipande na kuyakunja kuwa pakiti. Juzi nilinunua za shilingi mia tano, nami nilipokuwa nazitafuna nikaona pakiti yangu ilikuwa nusu ya tahariri. Ilikuwa juu ya madaraja. Nusu ya pili sijui alipewa nani.